Hata Yule Aliyekupiga Jana

Hotuba kwa walimu wa chekechea, walimu wa vyuo vya Kurani na wazazi, Ngome ya Lamu, 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu

Asalaam aleikum. Wazee wangu, walimu wenzangu, akina mama mlioacha vyungu jikoni mkaja, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze namna ya kuwafahamisha watoto wadogo, wa miaka 4 hadi 8, haki walizo nazo pamoja na watoto wote wa ulimwengu. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Ananijua, ndiyo maana ameketi hapa karibu na saa yake mkononi.

Naanza na jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu: zile chati. Kila darasa la chekechea nililoingia siku hizi lina chati ya haki za watoto, imetundikwa juu kuliko kimo cha mtoto yeyote, imeandikwa Kiingereza, ina picha ya watoto wanaocheka. Watoto wameikariri kama wimbo. Mgeni akija wanaiimba, mgeni anapiga makofi, anaandika ripoti yake, anapanda boti kurudi Mokowe. Kisha saa ya uji inafika, na chini ya chati ile ile mtoto mkubwa anamnyang'anya mdogo kikombe. Mdogo analia. Mwalimu anamwambia, "Nyamaza, mtoto wa kiume halii." Hapo ndipo somo la haki lilipofundishwa siku hiyo, na watoto wote wamelielewa vizuri sana.

Mtoto wa miaka 4 hahitaji kufunzwa kwamba ana haki. Mwondoe kwenye bembea kabla zamu yake haijaisha, uone. Atapiga kelele zisikike Shela. Mkatie mkate mdogo kuliko wa nduguye, atakuwa ameshaupima kwa jicho kabla hujaweka kisu chini. Asilolijua, na ambalo hakuna mtoto anayelivumbua peke yake, ni kwamba yule wa pili naye ana zamu. Wala si rafiki yake tu. Yule mgeni, yule mwenye kamasi, yule aliyempiga jana. Hiyo ndiyo nusu ngumu ya haki za binadamu, na ndiyo tunayoiruka. Tunawafunza watoto kusema "haki yangu", jambo walilokuja nalo kutoka nyumbani, halafu tunashangaa kwamba wamezidi ubishi.

Niwape historia kidogo, lakini hii ni yenu watu wazima, msiwapelekee watoto. Tarehe kama ya leo mwaka wa 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Binadamu lenye vifungu 30. Wanachama walikuwa nchi 58. Nchi 48 zilikubali, 8 zilijizuia, 2 hazikupiga kura, hakuna iliyopinga. Kamati iliyoliandika iliongozwa na mwanamke, Bi Eleanor Roosevelt wa Marekani, na Bi Hansa Mehta wa India alihakikisha kwamba kifungu cha kwanza hakiwataji wanaume peke yao. Sisi wa Lamu hatukuwepo. Mwambao huu ulikuwa chini ya Mwingereza, kwa jina ukiitwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na hakuna aliyekuja kutuuliza. Kwa hivyo mtu akiniambia "hizo ni haki za Wazungu", simcheki. Najua neno hilo linatoka wapi. Ila namkumbusha kwamba moja ya zile nchi 8 zilizojizuia ilikuwa Afrika Kusini, mwaka ule ule chama cha ubaguzi wa rangi kiliposhika serikali. Makaburu waliyasoma maandishi yale kwa makini kuliko wengi, kwa sababu walijua yatawabana wao.

Kifungu cha kwanza, kwa Kiswahili chake, kinasema: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Basi. Mtoto wa miaka 7 anaweza kukariri hayo kabla ya kengele ya mapumziko. Shida ni sisi, tunaotakiwa kuyaishi mbele yake mpaka kengele ya jioni.

Watoto walipata mkataba wao baadaye: 20 Novemba 1989, vifungu 54. Kenya iliuridhia tarehe 30 Julai 1990. Jirani zetu wa Somalia waliuridhia 2015, na sasa kati ya wanachama wote wa Umoja wa Mataifa imebaki Marekani peke yake, jambo ambalo wanaosema haya ni mambo ya Wamarekani wangelitafakari. Mwaka wa 1990 Afrika nayo ikaandika mkataba wake wa haki na ustawi wa mtoto kule Addis Ababa, na Kenya ikauridhia mwaka wa 2000. Kisha Katiba yetu ya 2010 ikayaweka mengi katika kifungu cha 53. Na kifungu cha 42 cha ule mkataba wa 1989 kinazitaka serikali ziyafahamishe hayo kwa watu wazima na kwa watoto vilevile. Hivyo tunayoyafanya leo hapa ngomeni si hisani. Ni deni.

Kama kuna maandishi ya zamani ninayopenda kuwapelekea watoto, ni yale ya Bi Eglantyne Jebb, Mwingereza, yaliyopitishwa Geneva mwaka wa 1924. Yalikuwa mambo 5 tu, mtoto anaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Humo mna maneno haya: mtoto mwenye njaa lazima alishwe, mgonjwa lazima atibiwe, yatima lazima apewe pa kukaa. Bi huyo alikuwa ametoka kuona watoto wa Ulaya wakifa njaa baada ya vita, wakiwemo watoto wa nchi zilizokuwa adui wa nchi yake. Watu wake walimwona msaliti kwa kutaka kuwalisha watoto wa adui. Hapo ndipo nilipompendea.

Na msidhani fikra hiyo ilihitaji kuvuka bahari kutufikia. Wazee wetu walisema, "Mgala muue na haki yake umpe." Nyote mnaijua. Mimi sipendi nusu ya kwanza ya methali hiyo, na jina lenyewe, ambalo jirani zetu Waorma waliitwa nalo, wao hawalipendi, wana sababu. Lakini sikilizeni nusu ya pili. Wakati huo Wagala ndio waliokuwa tishio kubwa la bara yote iliyotukabili, watu wakiacha mashamba na kukimbilia visiwani kwa ajili yao. Na katikati ya hofu ile mtu akasema: hata yeye, ana haki, na utampa. Aliyetunga hayo hakuwa na Umoja wa Mataifa. Alikuwa na adui, na alikuwa na dhamiri.

Sasa, mtu humfunzaje mtoto wa chekechea jambo zito namna hiyo? Kwa mchezo. Nitawaeleza mmoja niutumiao, nanyi mwauweza kesho bila senti moja.

Tandikeni leso mbili sakafuni. Hilo ni jahazi. Kateni maboksi ya sabuni, mchore vitu: maji, mkate, mama na baba, kitanda, dawa, shule, mpira, soda, simu, televisheni, viatu vya Idi, punda. Watoto wanapanda jahazi na vitu vyao, nahodha ni mwalimu. Tunatoka Lamu kwenda Kizingitini. Bahari inachafuka, chombo kimelemewa, lazima tutupe vitu viwili. Wakubaliane. Kisha viwili vingine. Kisha vingine.

Kitu cha kwanza kutupwa baharini, karibu kila mara, ni shule. Msishtuke, na msiwakaripie. Mkiwakaripia mchezo umekufa. Simu hukaa muda mrefu kuliko dawa. Lakini chombo kikizidi kulemewa wanaanza kufikiri. Mara moja kijana mdogo, kofia ya kiua imemshukia mpaka masikioni, aliishika picha ya punda akaikumbatia kifuani. Wenzake wakamwambia punda ni mzito, atupwe. Akasema, "Punda ndiye anayebeba maji. Na nyanya alipougua alibebwa na punda mpaka ufukoni." Wakajadili. Punda akabaki, soda ikaenda. Katika mji usio na barabara za magari, mtoto yule alikuwa anazungumzia haki ya afya vizuri kuliko chati yoyote niliyowahi kuona. Hapo ndipo unapowaonyesha kwamba kuna vitu tunavyovitamani na kuna vitu ambavyo mtoto akivikosa anaumia, na vya pili hivyo ndivyo tunavyoviita haki. Soda si haki. Maji safi ni haki. Wataipinga hiyo ya soda. Waacheni waipinge.

Sehemu ya pili ya mchezo ndiyo yenyewe. Nahodha anasema: mkate umepungua, mmoja wetu hatapata. Hapa nawaomba sana, msiwaulize watoto wamtaje mtoto. Watamtaja, tena kwa kidole, na aliyetajwa hatasahau mpaka aoe. Tumieni wanasesere wa vitambaa. Mpeni kila mmoja habari yake: huyu anatoka Mkomani, huyu ametoka bara juzi na Kiswahili chake ni cha kubabaisha, huyu hana baba, na huyu hapa jana aliwapiga wenziwe akawararulia daftari. Nani akose mkate? Watajibu bila kusita: aliyepiga. Basi waulizeni, "Akipiga, hasikii njaa?"

Siku moja swali hilo liliwanyamazisha darasa zima. Kisha binti mmoja, miaka 6 hivi, aliyekuwa akicheza na ncha ya leso, akasema: "Apewe mkate. Lakini asikae karibu na mimi."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Alitenganisha mambo mawili ambayo watu wazima wenye shahada tunayachanganya kila siku: mtu anaweza kukosa, akawajibishwa, akawekwa mbali, na bado mkate wake ni wake. Jaji wa Mahakama Kuu angehitaji kurasa 40. Na watoto mnaowaleta kuitembelea ngome hii waulizeni swali hilo hilo, kwa sababu humu tulimoketi palikuwa gereza mpaka mwaka wa 1984. Watoto wakiambiwa hivyo huuliza kwanza kama waliofungwa walikuwa wezi. Waambieni wengine walikuwa wezi. Kisha waulizeni: walikuwa wakipewa maji?

Nisogee kwenye haki zenyewe, zile chache ambazo mtoto mdogo anazishika. Sitazipitia zote.

Jina. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaanza nalo: kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kwa mtoto, jina ni kuitwa kwa jina lake, asiitwe kibonge, kipara wala "wewe mweusi". Mwalimu anayemwita mtoto kwa kilema chake amekwisha kufuta somo zima. Kwa wazazi, jina ni karatasi. Mama akijifungulia nyumbani katika kisiwa cha mbali, cheti cha kuzaliwa husubiri mpaka mtoto atakiwe kusajiliwa shuleni, ndipo mbio zinaanza. Na sisi wa upande huu tunayajua madhara yake ukubwani. Vijana wetu wa Kibajuni wamepigwa msasa wa kitambulisho, wameulizwa babu wa babu alizikwa wapi, mpaka Rais alipotangaza mwanzoni mwa 2025 kwamba msasa umeondolewa. Cheti kilichokatwa mapema ni haki ya kwanza unayoweza kumpa mwanao. Kimkateni kabla hajaota meno.

Kucheza. Nalisema haraka kwa sababu watoto wa Lamu hawahitaji mwalimu wa kucheza. Bahari iko hapo na mdako hauna gharama. Lakini kuna wasichana wanaolea wadogo zao kutwa, na wavulana wanaopakia mchanga kwenye punda alfajiri na jioni, wakilala darasani katikati. Kumsaidia mzazi ni malezi. Kumfanya mtoto wa miaka 8 awe mpagazi wa nyumba ni jambo jingine, na kifungu cha 31 cha ule mkataba wa mtoto kinataja kupumzika na kucheza bila haya yoyote, sawa na chakula.

Kusikilizwa. Hapa wazee hukunja nyuso. Mtoto naye aulizwe? Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri wake. Hakisemi atiiwe. Na kabla hamjaniambia ni jambo geni, nawakumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari. Mtume, sala na amani zimshukie, aliletewa kinywaji akanywa. Kuliani kwake aliketi kijana mdogo, kushotoni wameketi watu wazima. Ada ni kuanza kulia. Mtume akamgeukia yule kijana akamuuliza: waniruhusu niwape hawa? Kijana akasema hapana, wallahi, fungu langu kutoka kwako simpi mtu. Mtume akamtia chombo mkononi mwake.

Tazameni mambo yaliyomo humo. Wazee wameketi. Mtoto ana zamu. Anaulizwa, tena na nani! Anajibu hapana. Na hapana yake inaheshimiwa, hapigwi jicho, haambiwi hana adabu. Walimu wa vyuo, hadithi hii mnaisoma kila mwaka. Mimi ningependa isomwe siku ile mtoto anapokataa kumpisha mjukuu wa mwenye chuo mbele ya foleni.

Nimefika kwenye bakora, na sitazunguka. Kuchapa watoto shuleni kulipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa moyo. Katiba inamlinda mtoto na kila aina ya ukatili na adhabu zisizo za kiutu, wala haikuandika kwamba kinga hiyo inakoma mlangoni mwa chuo au mlangoni mwa nyumba. Najua mnavyosema: sisi tulichapwa tukawa watu. Wengine tulikuwa watu licha ya kuchapwa, na wengine waliochapwa nasi waliacha chuo, hawasomi Kurani mpaka leo kwa sababu wakiiona wanaona bakora. Mtoto anayefunzwa haki na mtu aliyeshika fimbo anajifunza jambo moja: mwenye fimbo ndiye mwenye haki. Atasubiri apate yake.

Kuna haki moja ambayo kuinyamazia katika mji huu ni hatari, nayo ni mwili wa mtoto. Tuna sifa ya sitara, na sitara ni jambo tukufu. Lakini tumeiacha ikawasitiri wasiostahili. Mtoto akimwambia mamake kwamba ami fulani amemshika pasipofaa, mara ngapi huambiwa "shh, usiseme, utatia aibu"? Watoto wafunzwe mapema, kwa maneno ya wazi ya Kiswahili, kwamba kuna sehemu zao ambazo hakuna mtu wa kuzigusa isipokuwa anayewaosha au daktari mamake akiwapo, na hata hapo kwa haja. Wafunzwe kwamba kuna siri nzuri, kama zawadi ya Idi inayofichwa kabatini, na kuna siri mbaya, ile ya anayekwambia "ukisema nitakupiga". Siri mbaya husemwa. Haijalishi ni ya nani, hata ya mwalimu, hata ya mtu wa nyumbani, hata ya mtu anayeheshimika msikitini. Wafunzeni nambari 116. Ni simu ya watoto, haina malipo, inapokewa usiku na mchana. Nambari tatu tu. Mtoto anayejua kuhesabu mpaka kumi ataiweza.

Na sasa jambo la mwisho zito, kisha nitamwachia mwenyekiti roho yake.

Tunapowaambia watoto kwamba haki ni za kila mtu, wanatutazama sisi wenyewe tunavyoishi. Mtoto wa miaka 6 alimwambia mwenzake darasani kwangu, wakigombania kiti, "Ondoka, nyinyi mlikuwa watumwa wetu." Hakulitunga. Amelisikia dakani, kwa watu wazima wakinywa kahawa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika mwambao huu mwaka wa 1907, na kifungu cha 4 cha Azimio kinaukataza ulimwengu mzima. Hakuna aliye hai Lamu leo aliyemiliki mtu wala aliyemilikiwa. Lakini bado tunapima ukoo tunapoozesha, bado tunajua mtaa gani ulikuwa wa nani, na watoto wanatusikia. Hali kadhalika "watu wa bara". Hali kadhalika Waboni, ambao wao wenyewe hujiita Waaweer. Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab ya 2014 shule za wodi ya Basuba zilifungwa, watoto wa kule wakakaa miaka bila kusoma. Mimi siku hizo niliwasikia watu wazima hapa ufukoni wakisema: Waboni shule ya nini, wao ni watu wa msituni. Jioni watoto wa watu hao hao walikuwa wakikariri kwamba kila mtoto ana haki ya elimu.

Wala usidhani hatua ya kuyarekebisha haya ni ngumu. Yule aliyesema neno la watumwa sikumchapa wala sikumwaibisha. Niliwaketisha wote wawili nikawasimulia kwamba zamani hapa watu waliuzwa, wakiwemo watoto wa umri wao, na mama zao walilia kama mama zenu wangelia. Akaniuliza, "Na mimi ningeuzwa?" Nikamwambia, ungezaliwa nyumba nyingine, ndiyo. Alifikiri kidogo. Kisha wakagawana kiti, kila mmoja tako moja.

Wazazi mna hofu moja, nimeisikia mlangoni nilipoingia: watoto wakijua haki zao watatupanda kichwani. Mkataba wa Afrika una jibu. Kifungu chake cha 31 kinazungumzia wajibu wa mtoto: awaheshimu wazazi wake na wakubwa zake, awasaidie wakihitaji, atumikie jamii yake. Mwafrika aliyeuandika alijua tutauliza. Na kwa kazi niliyoifanya, mtoto msumbufu kupita wote ni yule asiyejua mipaka ya zamu yake, kwa sababu kila siku lazima aipiganie upya. Aliyeahidiwa zamu na akaipata, hutulia akasubiri.

Basi Jumatatu, walimu wa chekechea, shusheni zile chati zifike kimo cha macho ya mtoto, mziandike upya kwa Kiswahili na watoto wenyewe wachore picha. Leso na maboksi mnayo. Kaunti ndiyo inayosimamia chekechea kwa mujibu wa Katiba, kwa hivyo vikaratasi na rangi waombeni wao, msinunue kwa mishahara yenu. Walimu wa vyuo, mkikubali, nitakuja mimi mwenyewe baada ya alasiri tucheze jahazi pamoja na watoto wenu, na anayetaka kuchagua nahodha mwingine asiye mwanamke, ruhusa.

Mwenyekiti ameniwekea saa usoni. Maswali. Tangu nilipotaja bakora nimeona mkono wa ustadhi pale nyuma umeinuka, haujashuka mpaka sasa. Tuanze na yeye.